Ofisi ya Nyumbani kwa Mtindo wa Zamani: Kigoma Ichague Zamani Ipi?

Anayetaka kupanga chumba cha kazi nyumbani kwake kwa mtindo wa zamani, awe anakaa Mwanga, Gungu au Ujiji, hachukui muda kugundua kuwa washauri wake hawasemi kitu kimoja. Muuza fanicha zilizotumika atamwambia zamani ni umri: nunua meza iliyokaa ofisini tangu enzi za Mwingereza, basi umemaliza. Seremala atamwambia zamani ni umbo: lete picha kwenye simu, nitakuchongea kama hiyo, na nitaipaka rangi ya kuzeeka. Mpambaji wa nyumba za wageni atamwambia zamani ni hisia tu: ramani ukutani, sanduku la ngozi pembeni, taa yenye mwanga wa njano. Wote watatu wana kitu cha kuuza, na mteja anabaki na fedha mkononi na maswali kichwani.

Tangu mwaka 2020, korona ilipowarudisha wengi kufanyia kazi nyumbani, chumba cha kazi kimekuwa hitaji hata katika mji ulio mwisho wa reli. Mwandishi wa ripoti za miradi, mwalimu anayesahihisha mitihani, mfanyabiashara anayeandika hesabu za mzigo wa Kalemie au Bujumbura, kila mmoja anatafuta kona yenye meza na mlango unaofungwa. Na kwa kuwa fanicha nyingi mpya za bei nafuu ni chipbodi inayovimba baada ya msimu mmoja wa mvua, macho ya watu yamerudi kwenye vitu vya kale. Yamerudi kwa sababu ya maana. Shida ni kwamba kila mtu ana zamani yake.

Zamani tatu za mwambao mmoja

Ya kwanza ni ya Ujiji wa misafara. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa mwisho wa barabara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, na wafanyabiashara wa pwani kama Tippu Tip na Rumaliza walifanya shughuli zao hapa na ng'ambo ya ziwa. Hesabu na barua za biashara hiyo, nyingi zikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, hazikuhitaji meza ndefu wala kiti cha kuzunguka. Zilihitaji baraza, mkeka, kasha la kufungia karatasi, na mtu anayejua kuandika. Livingstone naye, Stanley alipomkuta mwaka 1871, alikuwa akikaa kwenye tembe lenye baraza. Kwa maneno mengine, ofisi ya Ujiji ilikuwa kivuli na sakafu. Fanicha zake zilikuwa chache na zilibebeka, kwa sababu mwenye nazo alikuwa mtu wa safari.

Ya pili ni ya reli. Reli ya Kati ilifika Kigoma Februari 1914, na Mjerumani akajenga kwa kuta nene, matao na varanda pana. Vita ilimwondoa haraka: Wabelgiji waliingia mwaka 1916, kisha Mwingereza akashika utawala, huku Ubelgiji ikibakiziwa eneo lake la bandari hapa Kigoma na jingine Dar es Salaam kwa ajili ya mizigo ya Kongo. Hizi ndizo enzi zilizoleta ofisi tunayoitambua leo: meza yenye mitoto miwili au mitatu kila upande, kabati la milango ya vioo, rafu za majalada, kiti cha mikono chenye kalio la kusuka. Mbao za miombo zilikuwa karibu, na mafundi walijifunza vipimo vya kizungu wakavitengeneza kwa mninga.

Ya tatu ndiyo inayosahaulika: miaka ya 1960 na 1970. Meza ya fomaika yenye miguu ya bomba, taipureta, redio ya betri, chupa ya chai yenye maua, pazia la kitambaa cha Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Watu waliokulia kati ya vitu hivi hawavioni kuwa vya kale. Wanaviona vimepitwa na wakati tu, na ndiyo maana vinatupwa au kuuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Kwa mnunuzi mwenye jicho, hapa ndipo penye bei nzuri kuliko kwingine kote.

Zamani hizi hazichanganyiki kirahisi. Ya Ujiji iko chini, karibu na sakafu, na inataka uwazi. Ya reli iko juu, ni nzito, inataka chumba kikubwa chenye dari la mbali. Ya miaka ya sabini ni nyepesi, ina rangi kali, na inakubali chumba kidogo cha nyumba ya kupanga. Anayezikusanya zote katika chumba cha mita tatu kwa tatu hapati ofisi. Anapata stoo.

Jua la ziwa na kelele za bati

Kabla ya kuhukumu fanicha, kuna jambo ambalo wauzaji wote watatu huliruka. Kigoma iko upande wa mashariki wa ziwa. Maana yake dirisha ambalo kila mtu analitaka, lile linalotazama maji, linatazama magharibi. Asubuhi ni raha tupu. Kuanzia saa tisa alasiri jua linaingia moja kwa moja, na likigonga maji linarudi tena kutoka chini. Kioo cha kompyuta hakisomeki, vanishi ya meza inapauka upande mmoja, na migongo ya vitabu inageuka rangi.

Waliojenga zamani walilijua hilo. Varanda ndefu za majengo ya reli na baraza za Ujiji zilikuwa chombo cha kazi: zilizuia jua la jioni lisifike ukutani na ziliupa upepo njia. Nyumba nyingi za sasa, za matofali ya kuchoma na bati, zimeacha varanda ili kupata sebule kubwa. Kwa hiyo mtu anaweza kutumia fedha nyingi kununua meza ya mwaka 1930 na kuiweka kwenye chumba ambacho hakuna karani wa mwaka 1930 angekubali kukaa ndani yake. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, kipenu cha upande wa magharibi au mbao za kukinga jua dirishani vitaleta uzamani wenye faida kuliko kabati lolote. Na meza ikae ubavu kwa dirisha, si kulitazama.

Bati lina tatizo la pili. Mvua za Novemba hadi Aprili zikishuka, mkutano wa mtandaoni umekwisha, maana huyo wa upande wa pili hasikii kitu. Dari la mbao, au hata la plaiwudi iliyopigwa vipande vya mbao kufunika maungio kama yalivyokuwa madari ya zamani, hupunguza kelele na joto kwa pamoja. Hapa mtindo na mahitaji vinakwenda njia moja, jambo ambalo halitokei mara nyingi katika upambaji.

Hoja ya vitu vya kale vyenyewe

Wanaoshikilia umri wana hoja nzito. Meza ya mninga iliyodumu miaka sitini imeshafanya mtihani ambao meza mpya haijaufanya. Mbao yake imekauka kabisa, haipindi tena. Mninga una sifa ya kujikunja kidogo sana unapokauka, na mchwa hawapendi kiini chake. Tena hakuna mti mpya unaokatwa. Ukifungua mtoto wa meza kama hiyo na kutazama pembe zake, utaona meno ya ubao mmoja yameingia kati ya meno ya mwenzake, bila msumari. Pitisha vidole chini ya uso wa meza, pale ambapo hakuna aliyetarajia mtu atapapasa: utahisi mabonde madogo ya randa ya mkono. Vitu hivi viwili ni vigumu kuvighushi kwa bei nafuu, na vinasema ukweli kuliko rangi ya juu.

Udhaifu uko sehemu tatu. Wa kwanza ni wadudu. Si kila mbao ya kale ni mninga, na hata mninga una sehemu ya nje nyeupe ambayo bungua huila. Unga mwepesi chini ya mguu wa kabati ni dalili kwamba unanunua kabati pamoja na wakazi wake, na wakazi hao watahamia kwenye fremu za milango yako. Dawa ya mtaani ya kupaka oili chafu inafaa nguzo za uzio. Ndani ya chumba inanuka miezi, inachafua karatasi, na haiondoki.

Wa pili ni uhalali. Meza nyingi za kale za mji wa reli zilikuwa mali ya serikali au shirika, na baadhi bado zina namba za rangi nyeupe ubavuni. Mali ya namna hiyo huuzwa kwa mnada, na mnunuzi hupewa stakabadhi. Muuzaji asiye na stakabadhi wala maelezo anakuuzia meza pamoja na kesi. Kwa milango jambo ni zito zaidi: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda milango na fremu za kuchongwa za kabla ya mwaka 1940, na haviuzwi ovyo bila kibali. Desturi ya kununua mlango wa kuchonga, kuulaza na kuuwekea kioo uwe meza ya ofisi, desturi iliyozoeleka kwenye mahoteli ya pwani, haifai kuletwa huku. Ujiji umo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ambayo Tanzania iliwasilisha UNESCO mwaka 2006, kama kituo cha njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Kila kipande kinachong'olewa kwenye nyumba zake za kale kinaupunguza mji ili kukikuza chumba cha mtu mmoja.

Wa tatu ni mwili, nao nitaurudia hapa chini kwa sababu ndio unaopuuzwa zaidi.

Hoja ya kazi mpya kwa umbo la zamani

Seremala naye ana la kusema. Mtindo wa zamani ni maarifa, na maarifa hukaa mikononi. Ukinunua meza ya kale unalipia kazi ya fundi aliyekwisha kufa. Ukiagiza mpya unamlipa aliye hai, na kijana anayemshikia msumeno anajifunza. Meza inapimwa kwa chumba chako na kwa urefu wako. Tundu la nyaya linawekwa tangu mwanzo badala ya kutoboa mbao ya kale kwa huruma. Ni hoja nzuri.

Inaharibika kwenye mbao. Mninga unakua taratibu mno, na miombo ya Kigoma, Tabora na Katavi imeshakatwa sana. Mkurungu, ndugu yake mwenye rangi nyekundu, ulivunwa kwa wingi kwa soko la nje hadi ukaingizwa mwaka 2019 kwenye orodha ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Mbao halali zina alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu na hati ya kusafirishia. Zisizo nazo ni rahisi zaidi, na mteja asiyeuliza anapunguziwa bei na msitu unalipa tofauti.

Halafu kuna udanganyifu wa kawaida: paina iliyopakwa rangi ya mninga. Paina si mbao mbaya. Ikikaushwa vizuri na kupakwa rangi ya mafuta waziwazi, inafanya rafu safi kabisa za majalada, na ofisi nyingi za kikoloni zilikuwa na mbao laini zilizopakwa rangi ya kijivu au ya kijani. Ubaya ni kuiuza kama mninga. Njia rahisi ya kuibaini ni uzito, na kukwaruza kidogo sehemu isiyoonekana: ndani itakuwa njano iliyofifia hadi nyeupe.

Kosa lingine ni kuzeesha. Kuna wanaopiga meza mpya kwa mnyororo, kuichoma kingo kwa moto na kuitoboa kwa msumari ifanane na iliyoliwa na wadudu. Kwa maoni yangu hiyo ni dharau kwa mbao. Mninga mpya ukiachwa ukutane na mwanga na mikono utabadilika wenyewe, kutoka rangi ya dhahabu hadi kahawia nzito. Na katika mkoa wa mawese kuna jaribu la kung'arisha meza kwa mafuta hayo. Tusilifuate: mawese hayakauki yakawa ganda kama yakaukavyo mafuta ya kitani. Yanabaki kunata, yanashika vumbi jekundu la kiangazi, na yanawaita sisimizi.

Hoja ya hisia, na picha ya mvumbuzi

Kundi la tatu halihitaji maelezo marefu. Ramani ya Afrika iliyofubazwa kwa majani ya chai, kofia ngumu ya kizungu, sanduku la ngozi, picha ya Livingstone na Stanley wakipeana mikono: haya ni mapambo ya hoteli yaliyohamia nyumbani. Nguvu yake ni bei na wepesi. Udhaifu wake ni kwamba mwenye nyumba wa Kigoma anajikuta akiutazama mji wake kwa macho ya mgeni aliyepita. Barabara iliyoishia Ujiji ilipitwa na wapagazi na watu waliofungwa minyororo kabla haijapitwa na mwandishi wa gazeti. Atakayetaka historia hiyo ukutani, na aitake yote.

Lipo pia suala la nyara. Pembe, ngozi ya chui, kiti cha mguu wa tembo, hata vikiwa vya babu, vinaangukia Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na bila hati ya umiliki ni mashtaka. Hakuna pambo linalostahili hilo.

Lakini kundi hili limeona jambo moja ambalo wengine wamelikosa: mwanga ndio unaotengeneza zamani kuliko mbao. Hapa mwambao una chombo chake. Karabai zilizovulia dagaa kwa miongo mingi sasa zinaachwa, wavuvi wakihamia taa za umeme wa betri na sola, na zilizochoka zinaweza kupatikana kwa wavuvi wa Kibirizi au Ujiji kwenyewe. Karabai yenye alama za moshi na tangi lililobonyea, ikining'inizwa juu ya meza na kutiwa balbu ndogo ya njano, ina asili ya hapa kuliko taa yoyote ya kuagiza. Tahadhari ni moja: isiwashwe kwa mafuta ndani ya chumba kilichofungwa, na asiitoboe mtu kupitisha waya kabla tangi halijaoshwa kwa maji ya sabuni na kukauka siku kadhaa. Mvuke wa mafuta ya taa ukikutana na cheche ya drili, hakuna cha kupamba tena.

Meza ya mwandiko na mgongo wa kompyuta

Sasa mwili. Meza ya kuandikia kwa kalamu ilijengwa kimo cha sentimita 75 hivi au zaidi. Meza ya taipureta ilikuwa fupi zaidi, karibu sentimita 67, kwa sababu waliotengeneza waligundua mapema kwamba anayechapa anahitaji viwiko vyake viwe usawa wa vitufe. Kompyuta ya mapajani ikiwekwa juu ya meza ya kalamu, mabega yanapanda na shingo inainama, saa nane kwa siku. Kwa malalamiko ya mgongo yanayofuata hulaumiwa kiti, wakati mkosaji ni kimo.

Dawa isiwe kukata miguu ya meza ya kale. Ukishaikata hairudi, na magoti yatakosa nafasi chini ya mitoto ya meza. Inua kiti, weka kibao cha miguu, inua kioo kwa vitabu viwili na utumie kibodi ya pembeni. Au tafuta meza ya taipureta yenyewe, ambayo wauzaji wengi huiona kijimeza tu na kuiuza kwa bei ya stuli.

Kuhusu kiti, sioni sababu ya kubishana. Kiti cha mikono cha enzi za reli kikae pembeni kwa mgeni na kwa kusoma. Anayefanya kazi siku nzima akalie kiti cha kisasa chenye kuinuka na kushuka, hata kama ni cheusi na cha plastiki.

Mizani

Kigoma ina mfano wake mkubwa wa namna ya kuchanganya vizuri. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipandevipande, ikaingia majini hapa mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka uliofuata, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Injini zake za mvuke zilitolewa miaka ya 1970, zikawekwa za dizeli. Hakuna anayesema si meli ya kale. Kinachobeba kilibaki cha zamani, kinachofanya kazi kilibadilishwa.

Kwa kipimo hicho, hoja ya umri inashinda kwenye meza na kabati, mradi wadudu na stakabadhi vikaguliwe. Hoja ya kazi mpya inashinda kwenye rafu, dari na vizuia jua, yaani vitu vinavyotakiwa kulingana na chumba. Na hapo paina iliyopakwa rangi waziwazi inatosha, mninga uachwe msituni. Hoja ya hisia inashinda kwenye mwanga tu. Nyaya, soketi na kiti viwe vya leo bila kuomba radhi, na taa ya kale isichomekwe ukutani kabla fundi umeme hajaibadilishia waya wake wa kitambaa.

Kuna gharama isiyokwepeka. Chumba cha namna hii hakikamiliki kwa mkupuo mmoja, kwa sababu meza nzuri ya kale haitafutwi, inasubiriwa: mpaka ofisi fulani ihame, mnada utangazwe, au familia ya Ujiji iamue kupunguza vyombo. Anayetaka kumaliza ndani ya wiki moja atarudi kwa seremala mwenye mnyororo na rangi ya kuzeesha. Mwenye subira aanze na kipenu cha magharibi, afanyie kazi juu ya meza ya fomaika ya bei ya chuma chakavu, na aache nafasi ya meza kubwa ikiwa wazi.